Gitaa la Mtumba na Hewa Kavu ya Dodoma

Kijana wa Makole, mjini Dodoma, aonapo katika simu yake picha ya gitaa la mtumba linalouzwa Dar es Salaam, huvutwa na mambo mawili: bei nafuu na mng'ao wa rangi. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloonyesha kama chombo hicho kitatoa sauti ya kweli. Akiba ya miezi mingi yaweza kupotea kwa sababu ya ubao uliopinda milimita chache tu. Hata hivyo, mwanafunzi aliyesoma mtetemo na sauti shuleni anayo tayari maarifa ya kulikagua gitaa. Chombo anachohitaji ni rula.

Mzigo unaobebwa na gitaa

Uzi unaotetemeka peke yake husukuma hewa kidogo mno, hivyo sauti yake ni hafifu. Wagogo wamelijua jambo hilo tangu zamani. Zeze lao, ambalo Hukwe Zawose (1938–2003) alilipiga katika majukwaa ya nchi nyingi, hutumia kibuyu kupokea mtetemo wa nyuzi na kuupeleka hewani. Katika gitaa kazi hiyo hufanywa na sanduku, hasa ubao wake wa mbele, ambao una unene wa milimita 3 hivi. Juu ya ubao huo hugundishwa daraja linaloshika nyuzi.

Ubao wa mbele sharti uwe mwembamba ili utetemeke, na papo hapo uwe imara. Nyuzi 6 za chuma zilizokazwa ipasavyo huvuta kwa nguvu ya nyutoni 700 hivi, karibu sawa na uzito wa mtu wa kilo 70. Nyuzi za nailoni huvuta kwa zaidi kidogo ya nusu ya nguvu hiyo. Mzigo huo haupumziki usiku wala mchana. Baada ya miaka, shingo yaweza kupinda, ubao ulio nyuma ya daraja ukavimba, au daraja lenyewe likabanduka. Hatari huzidi pale gitaa lililoundwa kwa nailoni linapofungwa nyuzi za chuma. Gitaa la nailoni hutambulikana kwa shingo yake pana na kichwa chenye matundu mawili marefu.

Hewa na mbao

Ubao, hata uliokaushwa vizuri, huendelea kupokea na kutoa unyevu kufuatana na hali ya hewa. Ukikauka husinyaa kukingama na nyuzinyuzi zake, lakini kwa urefu wake hausinyai ila kidogo sana. Waundaji wa magitaa hupendekeza unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 55.

Pwani hewa ina unyevu mwingi: ubao wa mbele huvimba na nyuzi huinuka. Dodoma, iliyo mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, hupata mvua ya milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Katika miezi ya kiangazi gitaa lililotoka pwani hukauka. Ubao wa mbele hudidimia, nyuzi hushuka na kukwaruza, nyufa hutokea kufuata nyuzinyuzi za ubao, na ncha za vichuma vilivyokingama shingoni huchomoza na kukata vidole.

Magitaa mengi ya bei nafuu huundwa kwa plaiwudi. Tabaka zake hupishana mwelekeo, kila moja ikizuia nyingine kusinyaa. Sauti yake huwa pungufu, lakini hustahimili ukavu kuliko ubao mmoja mzima. Kwa mwanafunzi wa Dodoma hilo si kasoro ya kudharauliwa wala ya kulipiwa bei kubwa.

Ukaguzi

1. Shingo. Mnunuzi alitazame gitaa kutoka kichwani kuelekea darajani, kama seremala atazamavyo ubao. Mjongeo mdogo sana wa kubonyea huruhusiwa, kujisokota hakuruhusiwi.

2. Kimo cha nyuzi. Katika kichuma cha 12, nafasi kati ya kichuma na uzi iwe milimita 2 hadi 3 kwa nyuzi za chuma, na hadi 4 kwa nailoni. Ikifika 5 au 6, shingo au ubao umesalimu amri.

3. Okteva. Kichuma cha 12 kiko katikati ya urefu wa uzi. Uzi ukifupishwa nusu, idadi ya mitetemo huwa mara mbili: uzi wa 110 kwa sekunde hutoa 220. Mnunuzi auguse uzi kwa wepesi juu ya kichuma hicho, aupige, na kusikiliza. Kisha aukandamize mahali hapo na kuupiga tena. Sauti hizo mbili zilingane. Ya pili ikiwa juu zaidi, huenda nyuzi ziko juu mno au daraja limekaa pasipo pake.

4. Daraja. Karatasi isiweze kupenya chini yake.

Nyuzi zilizochakaa na funguo zilizolegea hubadilishwa kwa gharama ndogo. Hizo ni sababu za kupunguziwa bei. Shingo iliyojisokota au daraja lililobanduka ni sababu ya kuacha.

Kununua kwa simu

Muuzaji aombwe picha ya kichuma cha 12 rula ikionekana, picha ya shingo kutoka kichwani, picha ya daraja kwa ubavu, na sauti ya jaribio la okteva kwa kila uzi. Asiyetaka kuvitoa amekwisha kujibu. Fedha zisitumwe zote kabla ya gitaa kuonekana. Katika safari ya basi ya kilomita 450 hivi nyuzi zilegezwe, maana joto kali la buti hulegeza gundi. Likifika, likae mbali na jua, ndani ya mfuko wake, pamoja na kisahani cha sabuni chenye matundu na sifongo iliyokamuliwa vizuri, isiyogusa ubao.

Maswali

1. Uzi wa sentimita 65 hutetemeka mara 196 kwa sekunde. Je, ukikandamizwa sentimita 32.5 kutoka darajani utatetemeka mara ngapi?

2. Kwa nini ufa wa ubao wa mbele hufuata nyuzinyuzi badala ya kuzikata?

3. Gitaa lilikaguliwa Dar es Salaam mwezi Aprili likawa na nyuzi juu kidogo. Eleza kwa nini kimo hicho chaweza kubadilika likifika Makole mwezi Septemba.