Kabla ya kurudisha ndege aliyepotea, pima nyasi kwanza

Vijana wenye ranchi na mashamba ya nyasi huko Makueni, Kitui na Laikipia wananiuliza swali moja kwa namna tofauti: "Afisa, enzi za babu kanga na kwale walijaa hapa. Nikinunua wachache nikawaachilia, si watazaana?" Jibu langu ni fupi. Ndege hakupotea kwa kukosa mnunuzi. Kuna kitu kilibadilika hapo ardhini, na kama hakijarudi, utakuwa unawalisha mbweha na mwewe kwa pesa zako.

Kisa ninachopenda kukitumia ni cha kware wa kusini mwa Arizona, Marekani, na jimbo la Sonora, Meksiko. Dume lake lina uso mweusi kama amejifunika barakoa, na kifua cha rangi ya matofali. Wataalamu walimwandika rasmi miaka ya 1880, na kufikia mwaka 1900 hivi alikuwa ameisha Arizona. Kilichomwondoa hakihitaji mkalimani kwa mfugaji wa Kajiado: mifugo kupita kiasi, halafu ukame mkali wa mwanzoni mwa miaka ya 1890. Ng'ombe walikula malisho mpaka udongo ukabaki uchi, wakafa kwa wingi, na kware akakosa pa kujificha. Mwaka 1964 walionekana waliosalia huko Sonora, wengine wakachukuliwa kuzalishwa vizimbani. Mwaka 1985 serikali ya Marekani ikafanya ranchi ya Buenos Aires, karibu kabisa na mpaka wa Meksiko, kuwa hifadhi yake. Ng'ombe wakaondolewa. Kware wakaachiliwa kwa maelfu, hata vifaranga wengine wakapewa madume ya kware wa Texas wawe baba walezi wa kuwafundisha maisha ya porini. Bado hawakushika mizizi.

Sasa mtu atauliza, kwani nyasi hazikurudi? Zilirudi, tena nyingi. Lakini sehemu kubwa ilikuwa Eragrostis lehmanniana, nyasi ya kusini mwa Afrika iliyopelekwa kule miaka ya 1930 kuzuia mmomonyoko. Ukiitazama ukiwa umesimama utaisifu: imefunika, imelingana, inapendeza. Kware haoni hivyo. Ndani yake mimea ya majani mapana ni michache, kwa hiyo mbegu ni chache na wadudu ni wachache. Upande wa Sonora wafugaji walipanda Cenchrus ciliaris kwa maelfu ya hekta, na aina iliyosambaa sana huko asili yake ni Turkana kwetu, iliyotolewa kwa wakulima kupitia Texas miaka ya 1940. Halafu miti jamii ya mathenge ikajaa pale palipokuwa uwanda wa nyasi. Yaani sisi tumewapa nyasi, bara lao limetupa mathenge, na watu wa Baringo wanajua nani alipata hasara zaidi.

Kwa hiyo unapopima eneo, usiulize "nyasi ziko asilimia ngapi?" tu. Uliza ni za aina gani, zimesimama vipi, na chini yake kuna nini.

Vifaa ni rahisi: tepu ya mita 50, msumari mrefu au spoki ya baiskeli, daftari, na fimbo ya mita moja na nusu iliyopakwa rangi mbili kwa zamu kila sentimita 10. Nyosha tepu. Kila nusu mita shusha spoki wima bila kuchagua, uandike kila inachogusa kuanzia juu hadi chini: kichaka, nyasi, mmea wa majani mapana, majani makavu, jiwe, udongo mtupu. Ukianzia sentimita 50 utapata pointi 100, kwa hiyo kila pointi ni asilimia moja na hesabu unaifanya kichwani. Ukigusa nyasi andika jina lake. Hujui jina la kitabu? Andika la nyumbani, mbeetwa ni mbeetwa. Mstari mmoja hautoshi. Fanya walau sita au nane, na mahali pa kuanzia pachaguliwe kwa kura kabla hujatoka nyumbani. Ukichagua kwa macho utapima sehemu nzuri peke yake. Hiyo ni tabia ya binadamu, siyo yako pekee.

Tuseme kitu cha kwanza kuguswa kwenye mstari wako kilikuwa nyasi 58, majani makavu 14, udongo mtupu 20, mawe 4, majani mapana 3 na kichaka 1. Mwenye ng'ombe atafurahi. Lakini ukirudi kwenye majina ukakuta kati ya zile nyasi 58, 52 ni aina moja, na majani mapana ni 3 tu, umepata kile kile cha Arizona. Kifaranga wa kware siku za mwanzo anaishi kwa wadudu, na wadudu wengi anaowaokota wanatokana na hiyo mimea tunayoiita magugu.

Udongo mtupu nao usiuogope. Kifaranga ni mdogo kama kidole gumba. Hawezi kupenya zulia la nyasi, na akilowa umande baridi inamuua. Anahitaji mashina yaliyotengana, njia za kupita kati yake, na majani yanayofunika juu ili mwewe asimwone. Hapo ndipo fimbo inapoingia. Isimamishe kwenye nyasi, simama mita 4 kutoka hapo, inama macho yawe mita moja kutoka chini, kisha andika alama ya chini kabisa unayoiona. Rudia pande nne. Fimbo ikisoma sentimita 30 hapa, 10 pale na 50 kule, ni afadhali kwa ndege kuliko 30 kila mahali. Na lala chini, kweli lala, utazame kati ya mashina. Watu watakucheka, ila kuna kitu utakiona ambacho tepu haikuandiki.

Vichaka vihesabu peke yake, kwa umbali: kutoka popote ndege anapokula, atakimbilia wapi akifukuzwa? Ukubwa wa kichaka si hoja sana, mtawanyiko ndio hoja. Kule Arizona kijimkakaya kifupi kilikuwa kinga na mbegu zake zilikuwa chakula.

Pima mara mbili kwa mwaka. Mwisho wa mvua utaona eneo likiwa limependeza. Mwisho wa kiangazi, Septemba au mwanzoni mwa Oktoba kwa Ukambani, utaona kama kuna chochote kilichobaki kimesimama. Mimi nikilazimishwa kuchagua msimu mmoja, nachagua kiangazi.

Kwa wewe unayeuza marobota ya Cenchrus: hapa kwetu ni nyasi ya asili, simwambii mtu aing'oe. Ila shamba la aina moja tupu, linalokatwa lote kwa wakati mmoja, kwa ndege ni sawa na lami. Acha ukanda usiokatwa kando ya mtaro na kwenye ua, uchanganye mbeetwa na nyingine za kienyeji, na usipige dawa ya magugu huko. Pima ukanda huo sasa, upime tena baada ya misimu miwili. Mara nyingi kwale wenyewe hurudi bila kuachiliwa, kama bado wako kwa jirani.

Kama hawako kabisa na vipimo vyako ni vizuri, nenda KWS na daftari hilo kabla hujanunua hata yai. Ndege wa porini hafugwi wala haachiliwi bila kibali, na waliofuga kware wakati ule wa pupa ya 2013 na 2014 wanakumbuka.