KUCHUKUA DAWA ZA SHAMBA: JUA KUNDI KABLA YA KUPAKIA



Dawa ya wadudu huokoa mazao shambani, lakini njiani yaweza kuua watu. Mwezi wa Juni na Julai, 1967, watu wa Doha, nchi ya Qatar, na wa Hofuf, nchi ya Saudi Arabia, walikula mikate wakashikwa na degedege. Watu 874 walilazwa hospitali, na 26 walikufa. Unga wa mikate hiyo uliletwa na meli mbili. Katika kila meli unga ulipakiwa pamoja na endirini, dawa ya kuua wadudu. Dawa ilivuja, ikaingia katika magunia. Kosa hilo la meli laweza kutendeka hata juu ya baiskeli yako.

MAKUNDI YA HATARI

Kanuni za Umoja wa Mataifa, zilizotolewa kwanza mwaka 1956, hugawa mizigo ya hatari katika makundi 9. Kundi huonyesha mzigo ufungweje, na usipakiwe pamoja na nini. Alama yake ni mraba uliosimama juu ya pembe. Mkulima ayajue hasa haya manne:

Kundi la 3: Vitu vya maji viwakavyo upesi, kama petroli na baadhi ya dawa za kunyunyiza. Alama ni nyekundu, ina mwali wa moto.

Kundi la 4: Humo mna vidonge vya fosfidi ya alumini vya kufukiza ghala. Alama yao ni ya buluu, ina mwali. Hata unyevu wa hewa huvifanya vitoe gesi iuayo. Usipande navyo basi, wala usilale navyo chumbani.

Kundi la 5: Vitu vizidishavyo moto, kama mbolea ya amonia naitreti. Alama ni ya manjano. Visikae karibu na mafuta, mkaa wala majani makavu. Mbolea ya urea haimo katika kundi hili.

Kundi la 6: Sumu. Alama ni nyeupe, ina fuvu la kichwa na mifupa miwili.

Usichanganye alama hizo na mstari wa rangi ulio chini ya karatasi ya dawa. Mstari huo huonyesha ukali wa sumu kwa mtumiaji. Mwekundu ndio mkali kuliko yote.

FANYA HIVI

1. Soma karatasi ya dawa kabla ya kulipa. Kama hakuna alama, usidhani ni salama; uliza.

2. Acha dawa katika chombo chake. Ukiimimina katika chupa ya soda, hakuna atakayejua ni ya kundi gani, na mtoto aweza kuinywa.

3. Usiipakie pamoja na unga, nafaka, chumvi wala chakula cha mifugo.

4. Ikimwagikia chakula, usile, wala usiwape kuku. Kupika hakuondoi sumu: mikate ya Doha ilikuwa imeokwa.

Ukiwa na shaka, mwulize Bwana Shamba kabla gari halijaondoka.