Kupokelewa si Kufika: Somo la Kutuma Barua Pepe kwa Amri

Utangulizi

Muhula mmoja tulipewa kazi ya kuwapelekea wanachuo 40 taarifa za shule watakazofanyia mazoezi ya kufundisha. Tuliziandika barua zote katika kompyuta, tukazituma moja moja kwa programu iitwayo msmtp, ambayo huendeshwa kwa kuandika amri. Kompyuta haikulalamika hata mara moja, nasi tukaenda zetu nyumbani tukiamini kwamba kazi imekwisha. Siku ya tatu ya mazoezi tuligundua kuwa wanachuo wawili wangali makwao wakingoja kuitwa. Anuani zao zilikuwa na makosa ya herufi. Taarifa za kushindwa zilikuwa zimerudi chuoni jioni ile ile, zikalala katika kisanduku ambacho hapakuwa na mtu wa zamu ya kukifungua. Mmoja wa wale wawili alikwisha kuandikwa mtoro.

Tangu siku hiyo tunalifundisha jambo hili kwa kuanzia na kosa letu. Tunawaletea walimu wanafunzi somo hili kama tulifundishavyo.

Lengo la somo

Mwishoni mwa somo mwanafunzi aweze kutuma barua pepe kwa amri, na aweze kueleza tofauti kati ya barua iliyopokelewa na kituo na barua iliyomfikia mwenyewe.

Maarifa yampasayo mwalimu

Kompyuta hupelekeana barua kwa kufuata utaratibu uitwao SMTP, ambao Jon Postel aliuandika mwaka 1982, na ambao ulirekebishwa tena mwaka 2008. Kompyuta moja husema neno, ya pili hujibu kwa namba. Namba inayoanza na 2 maana yake ni sawa. Inayoanza na 4 maana yake ni rudi baadaye. Inayoanza na 5 ni kukataliwa.

Mwanafunzi atauliza kwa nini kompyuta ya darasani isiipeleke barua moja kwa moja hadi kwa mpokeaji. Ajibiwe kwamba watoa huduma wengi wa intaneti huufunga mlango namba 25, ambao seva hupelekeana barua kwa kuupitia. Aidha, seva nyingi hukataa barua zitokazo kwa kompyuta zisizojulikana, kwa kuwa wahalifu huzitumia kompyuta kama hizo kusambaza barua za takataka. Kwa hiyo barua hukabidhiwa kwanza seva inayoaminika, ambayo hapa tutaiita kituo. Aghalabu kituo hupokea kwa mlango namba 587, baada ya mtumaji kutaja jina na neno lake la siri.

Hatua ya kwanza: Igizo

Zana ni bahasha moja, barua moja na kadi za namba. Wachaguliwe wanafunzi watano: Mwandishi, Tarishi, Kituo, Seva ya Mbali na Mpokeaji. Tarishi ndiye msmtp. Mpokeaji aketi nyuma kabisa ya darasa.

Tarishi abishe hodi kwa Kituo. Kituo kiinue kadi 220: niko tayari. Tarishi ajitambulishe, ajibiwe 250. Aonyeshe kitambulisho, ajibiwe 235. Ataje barua yatoka kwa nani, 250. Yaenda kwa nani, 250. Aombe kuisoma barua, aambiwe 354: soma. Asome, kisha aseme "nukta", maana nukta iliyo peke yake katika mstari ndiyo ionyeshayo mwisho wa barua. Kituo kijibu 250. Waagane kwa 221.

Hapo mwalimu asimamishe igizo na kuuliza: "Je, barua imefika?" Tumezoea kuona mikono mingi ikiinuka kusema ndiyo. Mwalimu asijibu. Awaelekeze wamtazame Mpokeaji, ambaye mikono yake bado ni mitupu.

Igizo liendelee. Kituo kiende kwa Seva ya Mbali, nayo iinue kadi 550: hapana mtu wa jina hilo. Kituo kiandike taarifa ya kushindwa na kuirudisha kwenye anuani ya mtumaji iliyotajwa juu ya bahasha. Kama jibu lingalikuwa la 4, Kituo kingaliendelea kujaribu, pengine kwa siku 4 au 5, kabla ya kukata tamaa.

Hatua ya pili: Vitendo

Mwalimu aandae faili la maelekezo liitwalo .msmtprc:

account chuo
host smtp.example.org
port 587
auth on
tls on
user chuo
from chuo@example.org
logfile ~/.msmtp.log
account default : chuo

Jina example.org limetengwa kwa mifano tu. Mwalimu aweke la kituo chake. Neno la siri hatukuliandika; programu italiuliza yenyewe. Mstari wa tls huyafunga mazungumzo kwa msimbo ili asiyehusika asiyasome.

Barua iandikwe katika faili barua.txt. Mistari mitatu ya juu iwe ya From, To na Subject, ufuate mstari mtupu, kisha maneno yenyewe. Halafu itolewe amri hii:

msmtp -t < barua.txt

Programu ikifaulu hukaa kimya. Wanafunzi waandike echo $? waone 0. Kisha wafungue .msmtp.log wasome smtpstatus=250. Sasa waulizwe: hiyo 250 ameisema nani? Atakayejibu kwamba ni Kituo, wala si Mpokeaji, amelielewa somo.

Baada ya hapo itumwe barua kwa anuani yenye kosa la makusudi. Wanafunzi wafungue kisanduku cha mtumaji na kuitafuta taarifa ya kushindwa.

Tahadhari

Amri ya msmtp ikiongezwa -d huonyesha mazungumzo yote, nayo ni zana nzuri mno ya kufundishia. Lakini yaweza kulitoa neno la siri katika namna iliyo rahisi kufumbuliwa. Mwalimu asiionyeshe ukutani akitumia neno la siri la chuo.

Tathmini

Mwalimu atakuwa ameona kwamba somo hili lamhusu yeye pia. Darasa likiitikia "Ndiyo, mwalimu", hiyo ni 250 ya kituo. Maneno yamepokelewa; kama yamefika, hilo latakiwa kutafutwa kwa zoezi na kwa swali. Mwanafunzi aliyekosa zoezi ni taarifa iliyorudi, na yafaa awepo wa kuifungua.

Kazi ya kufanya

1. Eleza kwa nini anuani ya mtumaji juu ya bahasha iwe ya kisanduku kinachofunguliwa kila siku.
2. Tofautisha hatua utakazochukua ukijibiwa 450 na ukijibiwa 550.
3. Andaa zamu ya chuo ya kukagua barua zilizorudi, na utaje nani atamtafuta mwanachuo asiyefikiwa, na kwa njia gani.