Mpandishe Nyumbu Ungali Hai

Mzee mmoja mtaani kwetu alikuwa na mashine ya kusaga. Alipofariki, wanawe walikuta daftari la madeni limejaa majina ya utani: Mama Kijani, Mrefu wa Sokoni, Yule wa Baiskeli. Aliyewajua alikuwa ameshazikwa. Mashine ilisimama hata arobaini haijafika.

Tangu hapo nazisoma nasaba za Biblia kwa jicho jingine. Wengi huziruka aya za fulani kumzaa fulani. Mimi naona humo watu waliokabidhiana kitu, na wengi walikabidhiana vibaya. Kama una duka, shamba, kwaya au kikundi cha kuweka na kukopa, yapo ya kuchukua.

Anza na Eli, kuhani wa Shilo. Enzi za wanawe Hofni na Finehasi, mtumishi alikuja na uma wa meno matatu, akauchoma kwenye sufuria za watu waliokuja kutoa dhabihu, na nyama yote iliyonaswa ikawa ya kuhani. Eli alijua. Aliwasema wanawe, lakini kazi hakuwanyang'anya. Basi mtoto akichota kwenye droo ya duka, usiishie kumsema. Mtoe kwenye droo miezi mitatu, apange bidhaa na kubeba magunia, fedha ahesabu mwingine.

Samweli alilelewa na Eli huyohuyo, na akiwa bado mtoto ndiye aliyempelekea ujumbe kwamba nyumba yake itaanguka. Ungedhani somo lilimwingia. Alipozeeka akawaweka wanawe, Yoeli na Abiya, kuwa waamuzi kule Beer-sheba. Wakala rushwa mpaka wazee wa Israeli wakaja kudai mfalme. Nahisi umbali ulichangia. Samweli mwenyewe alizungukia Betheli, Gilgali na Mispa, kisha akarudi kwake Rama, na Beer-sheba iko kusini kabisa. Ukimpa mwanao tawi la mbali, tafuta mkaguzi wa hesabu asiye ndugu, nawe uwe unatokea bila kubisha hodi.

Daudi alitawala miaka 40. Vita aliviweza, watoto wakamshinda. Mwanawe Adoniya alitaka ufalme, akajipatia magari, wapanda farasi na watu 50 wa kukimbia mbele yake, na tangu azaliwe baba yake hakuwa amemtaka maelezo ya lolote. Akaandaa karamu En-rogeli, akawaalika ndugu zake wote isipokuwa Sulemani. Nabii Nathani na Bathsheba, mama yake Sulemani, walipoingia kumkumbusha mfalme ahadi yake kwamba Sulemani ndiye atakayemrithi, mzee alikuwa amedhoofika, hata nguo hazimpi joto. Ndipo akafanya lililopaswa kufanyika zamani: Sulemani akapandishwa nyumbu wa mfalme mwenyewe, akateremshwa hadi Gihoni, kuhani Sadoki akampaka mafuta, tarumbeta ikalia. Wageni wa Adoniya walisikia shangwe ndiyo kwanza wanamaliza kula. Kila mmoja akashika njia yake.

Kwa hiyo ahadi uliyompa mama watoto chumbani haitoshi. Mtaje mrithi mbele ya wateja, mbele ya wanaokudai, na hasa mbele ya ndugu zake ambao hukuwachagua. Wanune leo ukiwapo wa kuwajibu. Kisha akae kwenye kiti chako, na benki mwende wote wawili akaweke saini yake.

Wala si lazima awe wa damu. Musa alikuwa na Gershomu na Eliezeri, lakini aliyewekewa mikono mbele ya kusanyiko lote ni Yoshua, msaidizi wake, akapewa sehemu ya mamlaka Musa angali anatembea. Sehemu tu. Nawe mpe manunuzi mwaka huu, mishahara mwakani.

Rehoboamu, mjukuu wa Daudi, ana umri wa miaka 41 anapotawazwa. Anawasikiliza wazee waliomshauri baba yake, anawapuuza, anafuata vijana aliokua nao, na makabila kumi yanamponyoka. Wazee wako mrithi awazoee mapema, anywe nao chai, asikutane nao mara ya kwanza msibani.

Pa kuanzia ni daftari. Mwite jioni moja wiki hii, mpitie jina kwa jina: huyu ni nani, anakaa wapi, hulipa akishauza nini. Siku ya soko mwachie funguo afungue peke yake. Akikupigia simu kuuliza bei, mwache aamue.