Kudura Haiondoi Dhamana

Mtu akikatwa vidole na msumeno wa mashine, au akianguka kutoka ghorofa inayojengwa, neno analolisikia mara nyingi kitandani mwake ni hili: "Ndiyo kudura ya Mungu, shukuru u hai." Neno hilo ni jema likitoka kinywani mwa mgonjwa mwenyewe. Lakini likitoka kwa tajiri wake, naye ana bahasha ndogo ya pesa mkononi, twaona yatupasa kulitazama vizuri.

Kuamini kudura ni nguzo ya imani, wala hatuna mabishano katika hilo. Ila Mtume (s.a.w.) hakuifanya kudura kuwa udhuru wa kuacha tahadhari. Mwenye ngamia aliamrishwa amfunge, kisha ategemee. Aliamrisha taa zizimwe wakati wa kulala, kwani panya huweza kuuvuta utambi akaiteketeza nyumba pamoja na watu wake. (Taa ya leo ni jiko la makaa liachwalo likiwaka katika chumba kilichofungwa, hewa yake ya sumu haionekani wala hainuki, na huwaua watu usingizini.) Alikataza pia kulala juu ya sakafu ya dari isiyo na ukingo. Basi ikiwa mtu kulala tu kwake kwahitaji ukingo, vipi apandishwe fundi orofa ya tano pasi na ukingo wala mkanda?

Tena tahadhari ni jambo moja, na dhamana ni jingine. Katika Suratun Nisaa, aya ya 92, aliyemuua muumini kwa kukosea amewajibishwa kafara, na diya kwa jamaa za marehemu, ila wao wakisamehe. Zingatia kuwa aya yasema juu ya kosa lisilokusudiwa. Na katika Hadithi, kila kidole diya yake ni ngamia kumi, kidole gumba na kidole cha mwisho ni sawasawa. Kutokusudia humwondolea mtu dhambi. Hakuiondoi haki ya aliyedhurika. Na ule msamaha uliotajwa ni wa mwenye haki. Si wa mwajiri kujisamehe, wala si wa imamu aliyeitwa kusuluhisha kumsamehea mwenziwe. Na mtu hawezi kusamehe haki asiyoijua kiasi chake.

Hapa hapana budi tuitaje hoja ya upande wa pili, kwa kuwa ina asili. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba kisima hakina dhamana, na machimbo hayana dhamana. Imamu Nawawi ameeleza kuwa mwenye kuajiri watu wamchimbie, kisha kisima kikawaangukia wakafa, hadhamini. Wako waajiri waliolisikia hilo nao wakaridhika. Lakini mafakihi hao hao wamesema kuwa aliyechimba shimo katika njia ya watu hudhamini, kwa sababu amefanya asichokuwa na haki ya kukifanya. Kwa hiyo mhimili wa mas-ala ni kuvuka mpaka. Tajiri aliyeondoa kifuniko cha mashine ili kazi iende mbio, au aliyejua kuwa waya uko wazi akanyamaza, huyo kwa maoni yetu hana pa kujifichia katika Hadithi hiyo.

Na lau tukimkubalia kuwa hakuvuka mpaka, liko la pili, nalo latutosha. Kuajiri ni mapatano, na Waislamu wameamrishwa kutimiza mapatano na masharti yao. Hapa Kenya kila mapatano ya kazi, ya maandishi au ya mdomo, yamefungamana na Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007. Sheria hiyo yamlazimu mwajiri kumlipa aliyeumia katika kazi yake, bila ya aliyeumia kuthibitisha uzembe wa mtu. Kilema cha kudumu hukadiriwa kwa mshahara wa miezi 96, na jeraha lisilofika ukomo wa kilema hulipiwa kwa asilimia.

Tuseme Zaidi amemwajiri Amri kwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Mshahara wa miezi 96 ni shilingi 1,920,000. Amri akikadiriwa kilema cha asilimia 10, haki yake ni shilingi 192,000. Zaidi akimpa elfu kumi na gunia la unga, naye Amri akatia kidole gumba kwenye karatasi asiyoweza kuisoma, hiyo twaiita sulhu?

Amri naye ana wajibu wake. Na ampe mwajiri khabari ya ajali mara moja, kwa mdomo au kwa barua, na ayahifadhi makaratasi ya hospitali. Mwajiri naye humpelekea ripoti Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Madai yasipopelekwa ndani ya miezi 12 huweza kupotea. Na asikimbilie mahakamani kwanza: Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2019 kuwa madai haya mlango wake wa kwanza ni kwa Mkurugenzi. Tena iko Sheria ya Usalama na Afya Kazini, nayo ya 2007, ambayo kwayo mfanyakazi aonaye khatari kubwa iliyo karibu humwarifu msimamizi wake, wala halazimishwi kurudi pale kabla haijaondolewa. Vijana wetu wengi wa bandarini na wa ujenzi hawajapata kuambiwa hili.

Tumeulizwa na ndugu mwenye kiwanda cha mbao: sheria yamtaka mwajiri awe na bima, na yeye aichelea bima kwa ajili ya riba, afanyeje? Twajibu kuwa bima ya takaful ilianza kuuzwa Kenya mwaka 2011, basi na aulizie hiyo. Na awe amekwisha kuipata au bado, vidole vya watu wake vi katika dhamana yake tangu asubuhi wanapoiwasha mashine.