Moteri ya pirogi ikisitasita: tutafute shida mbele ya kununua vipuri



Kwa vijiji vilivyo kando ya Lualaba, moteri ya pirogi njo kamio yetu. Watu wa Alunguli wanavuka mto kila siku kufika ngambo ya pili ya Kindu. Wakulima wa upande wa Lokandu wanapandisha mpunga, mihogo na mawese wakipigana na mkondo wa maji. Moteri ikikufa katikati ya safari ya namna hiyo, pirogi haisimami: maji yanairudisha nyuma, inageuka ubavu, na magunia pamoja na watu wanaingia katika hatari.

Mara nyingi moteri haikufi bila kuonya. Inaanza kusitasita. Wenye kuiongoza wanasema: "Ikiwa ralanti inazima," ao "nikiipa gazi inakata pumzi kwanza, kisha inaamka." Ralanti ni ule mwendo wa chini, moteri inanguruma polepole bila kusukuma. Gazi ni pale unapokamata mkono na kuongeza nguvu.

Katika vikundi vingi, neno la kwanza linalosikika ni: "Karburateri imeharibika, tununue ingine." Feza ya koperative inatoka, kipuri kinafungwa, na kisha siku mbili shida inarudi, sababu uchafu ulikuwa ndani ya bidoni. Somo hili linafundisha jambo moja: tufuate njia ya esansi kutoka bidoni mpaka buji, tukianza na kile kisichoomba feza.

SABABU YA KUSITASITA

Moteri inaomba vitu vitatu: esansi safi, hewa ya kutosha, na moto wa buji kwa wakati wake. Karburateri (wengine wanasema kabureta) inachanganya esansi na hewa. Ndani yake mna njia mbili. Njia ndogo inalisha moteri wakati wa ralanti. Njia kubwa inaanza kazi unapotoa gazi. Kila njia ina jikleri, maana yake kitundu chembamba sana cha kupimia esansi.

Ukifungua gazi, hewa inaingia mara moja. Esansi ikichelewa kuifuata, moteri inakosa chakula na inasita. Kwa hiyo tusikilize vizuri kwanza:

• Inazima kwa ralanti, lakini kwa gazi inatembea vizuri: mara nyingi njia ndogo ya karburateri imeziba, ao visi ya ralanti imelegea.
• Ralanti ni nzuri, lakini ukitoa gazi inakata pumzi: esansi haifiki ya kutosha. Angalia tangi, tiyo, chujio, pampu, kisha jikleri kubwa.
• Inatembea vizuri kwa dakika kumi, kisha inachoka na kuzima: angalia kwanza tundu la hewa la tangi. Angalia pia kama maji ya kupoza moteri yanatoka.
• Inatetemeka na haina nguvu katika kila mwendo: pengine buji moja haichome.

HATUA SITA, KWA MPANGO

Kazi hii ifanyike kwenye kivuko, pirogi ikiwa imefungwa na haina mzigo. Hakuna sigara, hakuna mbabula karibu.

1. Tundu la hewa. Kifuniko cha tangi kina visi ndogo ya kupitisha hewa. Ikifungwa, esansi inatoka lakini hewa haiingii, na kisha muda kidogo moteri inavuta bila kupata. Wanaotumia bidoni ya kawaida wahakikishe kuna kitundu juu, kilichokingwa ili mvua isiingie. Hii haiombe hata franka moja.

2. Esansi yenyewe. Chukua esansi kutoka chini ya tangi, uiweke ndani ya chupa nyeupe inayoonyesha. Iache nusu saa. Maji ni mazito kuliko esansi, kwa hiyo yataonekana chini kama tabaka lingine. Ukiona maji ao mchanga, usiendelee na hatua nyingine: mwaga, safisha tangi, anza tena. Kitambaa kinashika mchanga lakini kinaweza kuacha maji yapite. Dawa nzuri ni kuacha bidoni itulie usiku mzima, kumimina polepole, na kuacha kile cha mwisho chini.

Kuna pia esansi iliyochanganywa na petroli ya taa. Mbele ya kutia oili, dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe. Esansi safi inakauka upesi; ya kuchanganywa inaweza kuacha alama ya mafuta.

3. Oili. Moteri ya mipigo miwili inachanganyiwa oili ndani ya esansi. Moteri nyingi za namna hiyo, zikisha kuzoea kazi, zinaomba lita 1 ya oili kwa lita 50 za esansi. Ni sawa na mililita 20 kwa kila lita, ao mililita 400 kwa bidoni ya lita 20. Lakini kitabu cha moteri yenu njo kinatoa neno la mwisho. Oili ikizidi, buji zinalowa na ralanti inakuwa mbaya. Ikipungua, moteri inajisaga ndani, na ile ni hasara kubwa kabisa. Pimeni kwa chupa yenye alama, si kwa macho.

4. Tiyo na mpira wa kubinya. Angalia kama tiyo imepasuka, imekunjwa, ao imelegea kwenye viungo. Pale esansi inapoweza kutoka, hewa pia inaweza kuingia. Kisha fanya jaribio hili: moteri ikianza kusita, mwenzako abinye ule mpira polepole. Ikiamka mara moja, karburateri haina kosa la kwanza. Shida iko kwenye pampu ya esansi, kwenye chujio, ao kwenye tiyo. Mpira ukikaa umebonyea na haujai tena, kizuizi kiko nyuma yake, upande wa tangi. Fungua pia chujio dogo, ulioshe kwa esansi safi.

5. Buji. Zima moteri, iache ipoe kidogo, toa buji zote na uziweke kwa mpangilio, ujue ipi imetoka wapi. Rangi ya kahawia isiyokolea ni nzuri. Nyeusi na yenye kulowa: esansi ao oili imezidi, ao buji haichome. Nyeupe sana: moteri inapata moto kupita kiasi, ao esansi ni kidogo. Buji moja ikiwa tofauti na ya pili, umepata pa kutafuta. Safisha kwa brosi, pima nafasi yake kama kitabu kinavyosema, ao badilisha.

6. Karburateri, ya mwisho. Chini yake kuna visi ya kumwagia. Ifungue, ukinge kwa kikombe. Maji ao uchafu vikitoka, pengine kazi imekwisha hapo. Kama jikleri lazima zitoke, zisafishwe kwa esansi na kwa hewa. Hata pompi ya kinga inasaidia. Usiingize sindano wala waya wa chuma, sababu kitundu kikipanuka kidogo tu, kipimo kimeharibika. Mbele ya kugusa visi ya mchanganyiko, ifunge polepole mpaka iguse, ukihesabu mizunguko. Andika hesabu hiyo, ndipo utaweza kuirudisha mahali pake. Kama hamna fundi aliyezoea, hatua hii mwachieni fundi.

Onyo: usiwashe moteri nje ya maji. Pampu ya kupoza ina mpira unaoungua upesi ukikosa maji. Mtoni, ao ndani ya pipa lililojaa.

SI KILA UDHAIFU NI WA MOTERI

Moteri ikipiga kelele kubwa lakini pirogi haiendi, angalia elisi: pengine majani ao wavu umeifunga, ao mpira wake wa ndani unateleza. Na pirogi iliyojazwa kupita kiasi itafanya moteri nzima ionekane mgonjwa. Hapo dawa ni kupunguza magunia.

KAZI YA KOPERATIVE

Kusafisha siku moja hakutoshi. Tunashauri mambo matatu:

• Daftari la moteri. Kila safari iandikwe: tarehe, lita za esansi na mahali iliponunuliwa, kipimo cha oili, na dalili iliyoonekana. Kisha miezi michache daftari litaonyesha kama shida inafuata esansi ya muuzaji fulani.
• Jaribio la dakika kumi na tano, mbele ya kupakia. Ralanti dakika tano, gazi ya kati dakika tano, kisha kuongeza na kupunguza mara kadhaa. Moteri iliyosita kwenye kivuko haibebe watu siku ile.
• Sanduku la pirogi: buji mbili mpya, ufunguo wake, chujio, kipande cha tiyo na vifungio, turnavisi. Pamoja nayo: kafi, pondo, kamba na nanga, na jile kwa kila mtu.

Moteri ikizima katikati ya mto, msifungue karburateri pale. Kafi na pondo kwanza, mfike ukingoni, mfunge kamba. Kutafuta shida kunafuata.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Nani kwetu anapima oili, na kwa chombo gani?
2. Mara ya mwisho tulinunua kipuri, tulikuwa tumeangalia esansi kwanza?
3. Nani ana haki ya kusema "leo pirogi haiondoke," hata mwenye mzigo akikasirika?

Swali la tatu lijibiwe kwa jina la mtu, na jina hilo liandikwe kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari.