Mtambo wa Kahawa Kando ya Kijito

SWALI: Kikundi chetu hapa Mkumbi kinataka kujenga mtambo wa kumenya kahawa mbivu kando ya kijito, na kufukia kipande cha bonde oevu tupate uwanja wa kuanikia. Eneo ni letu. Bado tunahitaji kibali?

JIBU: Mnahitaji, ndugu zangu, tena zaidi ya kimoja. Kumiliki shamba si kumiliki maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Basi pimeni kwanza, msogeze mtambo juu. Bonde oevu liacheni: ndilo sifongo linalolisha kijito wakati wa kiangazi.

Pili, mwoneni afisa mazingira wa Halmashauri kabla ya kuchimba msingi. Atawaelekeza namna ya kusajili mradi NEMC, chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira, kwa tathmini ya athari kwa mazingira.

Tatu, Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inadai kibali cha kuchukua maji na kingine cha kutiririsha majitaka. Ulizeni bodi ya maji ya bonde inayowahusu, kwani maji ya milima yenu ya Matengo mengine huenda Ziwa Nyasa, mengine Mto Ruvuma.

Msidharau majitaka ya kahawa. Ute wake wenye sukari ukioza humaliza oksijeni majini, samaki hufa. Chimbeni mashimo ya kuyatuamisha, mbali na kijito. Wazee waliobuni ngolo, kile kilimo cha mashimo cha Wamatengo, walijua kuyatuliza maji mlimani, nanyi yatulizeni.